Kiboksi Kilichonyamaza

Karakana ya hospitali,
Alhamisi, mchana.

Kwako dada yangu mkubwa, Mama Chiriku,

Pokea salamu za mdogo wako. Natanguliza salamu kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtu anayeanza na shida kabla ya hodi hana adabu. Hamjambo hapo nyumbani? Shemeji na mgongo wake wanaelewana? Mwambie aache kubeba magunia kama kijana anayetafuta mchumba, na huo mgongo utaacha kumlalamikia. Na mwanangu Chiriku je? Bado anaongea mpaka pumzi inamkatikia, anakaa chini, anahema, halafu anaendelea palepale alipoachia? Mimi mwili hauna neno. Nakula, natembea, nafanya kazi. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu.

Simu nimeichukua na kuirudisha mezani mpaka Mzee Spika akaniuliza kama inaunguza. Unamjua Mzee Spika, yule mzee tunayefanya naye kazi hapa karakana, nimeshakusimulia vituko vyake. Zile simu zako za jana niliziona zote, sikuzipokea, na nakuomba radhi. Nikisikia sauti yako najua nitaanza kusema hili nimalizie lile. Barua hii anakuletea dereva wa gari la dawa, nimemwambia aikabidhi mkononi mwako na si kwa jirani. Kesho asubuhi ofisi itakupigia na maneno yake mafupi. Nataka uwe umeshayasikia kwangu, tangu mwanzo. Na tafadhali, dada, nakujua unavyosoma barua kuanzia mkiani. Safari hii twende pamoja, mstari kwa mstari.

Unakumbuka mwaka jana, madaktari wa upasuaji wa moyo walipokuja, nafasi zilikuwa chache na watoto wengi, ikabidi ipigwe kura. Vikaratasi vilitiwa ndooni. Baba mmoja akasema vingine vilikunjwa mara tatu na vingine mara mbili, wakashikana mashati ukumbini, na ndoo ikapigwa teke. Mwaka huu Mkurugenzi akasema hataki kuona ndoo, kura itapigwa na kompyuta. Wazazi wakaja juu. Walisema kompyuta hufanya inachoambiwa, sasa nani atakayeiambia?

Walikuwa na haki. Kompyuta, dada, haijui kubahatisha. Ukiiambia itaje namba yoyote, itafuata hesabu zake, na mtu anayezijua hesabu hizo atajua namba kabla haijatajwa. Ikitaka bahati ya kweli lazima iletewe kutoka nje. Kazi hiyo nikapewa mimi. Nikatengeneza kiboksi, hakizidi kopo la majani ya chai. Ndani kuna kipande cha transista nilichokifunga kinyume makusudi, na kikifungwa hivyo kinatoa kelele, shhhh, kama mvua inayonyesha juu ya bati mtaa wa pili. Kelele ile haina mpangilio hata chembe. Hata mimi niliyekitengeneza siwezi kukwambia sauti inayofuata itapanda au itashuka. Kompyuta inaisikiliza, inaikusanya, inaikoroga, na kutoka humo inapanga namba za watoto. Kinachoitwa uchafu kwenye redio, kwangu ndiyo mali.

Kabla ya yote nilimwambia Mkurugenzi kwamba mtoto wa dada yangu yumo kwenye kura. Akacheka, akasema akitoa kila mfanyakazi mwenye ndugu humo atabaki yeye na mlinzi, na mlinzi naye ana mjukuu. Tukakubaliana kiboksi nitatengeneza mimi, lakini mashine ataiendesha karani. Nikaona sawa. Ijumaa iliyopita asubuhi kiboksi kilikuwa mezani pangu kimewashwa kinapata joto, kinavuma vizuri, mimi nikaitwa wodini mashine ya hewa imegoma. Niliporudi mchana tukafanya jaribio mbele ya Mkurugenzi. Namba tupu, bila majina. Taa ya kijani ikawaka, orodha ikatoka kwenye skrini, tukaitazama, tukapongezana, karani akaifuta.

Jumamosi wazazi walichukua kadi za namba. Zilimwagwa mezani kama karata, namba juu, kila mtu ajichagulie roho yake iridhike. Wewe ulikuwa umenituma nimchukulie Chiriku kadi yake, kwa kuwa safari ingemchosha. Nikachukua kumi na saba.

Jumatatu ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Karani akabonyeza. Nafasi zilikuwa nane, na namba ya kwanza kabisa kusomwa ilikuwa kumi na saba. Dada, nilisahau mimi ni nani! Nilipiga kelele mpaka muuguzi mkuu akanivuta sketi nikae. Palepale katikati ya furaha kitu fulani kilinipita mgongoni, baridi, nikakifukuza. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa kilemba cha kijani. Namba yake haikusomwa. Aliikunja kadi yake mpaka ikawa ndogo kama kidonge, akamchukua mwanawe mgongoni akatoka. Mimi nilikuwa natafuta simu nikupigie.

Ulivyopiga vigelegele jirani zako wote walisikia, mpaka na mimi sikio likaziba. Halafu ukasema lile neno, kwamba ulijua tu sitakuangusha, damu nzito kuliko maji. Nilikwambia mtandao unakatika. Haukukatika, nilikukatia mimi kwa hasira. Nilisema moyoni, kumbe hata dada yangu anadhani nimeiba!

Sasa nifike Jumanne. Mchana tulikuwa tunakunywa chai hapa karakana, mimi na Mzee Spika peke yetu. Huyu mzee maisha yake yote amekuwa fundi wa redio na vipaza sauti. Kitu kikitoa mkwaruzo kidogo tu hana amani mpaka akinyamazishe. Nyumbani kwake, mkewe anasema, hata bawaba ya mlango haina ruhusa ya kulia. Basi akawa ananipongeza kwa kura, akatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi, akaniambia kwamba na yeye mkono wake umo. Ijumaa, nilipokuwa wodini, alisikiliza kiboksi changu kwa visikizio vyake akakuta kinavuma vibaya sana. Akanionea huruma, binti wa watu anataka kuaibika mbele ya Mkurugenzi. Akafungua, akalehemu kapasita moja ndogo pale njia ya kutokea, kelele yote ikafyonzwa, kiboksi kikawa safi kabisa. Hakuniambia kwa sababu hakutaka nione haya.

Kikombe kilinitoka mkononi. Mzee akadhani nimeungua.

Nilikwenda ukumbini nikachukua mashine, nikaja nayo hapa, nikaiwasha. Taa ya kijani. Orodha ikatoka: kumi na saba ya kwanza. Nikaizima, nikaiwasha tena. Kumi na saba. Nikachukua karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani nikalinganisha kwa kidole, namba kwa namba, mpaka ya mwisho. Zilikuwa zilezile. Nikazima, nikawasha. Zilezile. Kompyuta ilikuwa inaletewa kimya kitupu, na ikakikoroga kimya hicho kwa bidii zake zote kama nilivyoifundisha. Na maji matupu, hata uyakoroge vipi, leo ni maji na kesho ni maji. Kosa langu mimi ni kwamba niliweka taa ya kuonyesha umeme upo, sikuweka ya kuonyesha kelele ipo. Nani angefikiri mtu atakuja kuifanyia hisani!

Nilichukua koleo nikakata mguu wa ile kapasita. Shhhh, kikaanza kuvuma. Nikaendesha tena na tena, kila mara orodha mpya, na kumi na saba ikawa inaanguka popote, juu, katikati, chini. Mara nyingi chini, dada. Watoto ni wengi na nafasi ni nane tu.

Mzee Spika alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshaelewa kabla sijafungua mdomo. Alikaa kwenye kigoda, akavua miwani. Baadaye akaanza kunibembeleza, na silaumu hata neno lake moja. Alisema hakuna aliyejua, kwa hiyo hakuna aliyeiba, na bahati ambayo hakuna aliyeijua ni bahati tu. Alisema yeye hajasema kitu na mimi sijasikia kitu. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama kweli nina moyo wa kwenda kumtoa mtoto wa dada yangu kitandani kwa mikono yangu. Nilimfokea. Nilimwambia kapasita ile angejilehemu mdomoni. Mzee wa watu, mkubwa kuliko baba yetu! Nimeshamwomba msamaha, lakini nakuandikia ujue hali niliyokuwa nayo.

Sikulala. Jana asubuhi nilifika ofisini kwa Mkurugenzi kabla hajavua koti. Nilimweleza yote. Akafunga mlango, akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema Mzee Spika. Akaniuliza tena, nani mwingine. Niliona alivyokuwa anapima, madaktari wanaingia Jumatatu, majina yameshatumwa, wazazi bado wako hapa wanajaza fomu na wameanza kushukuru. Akanikumbusha kwamba wa kwanza kwenye orodha ile ni mtoto wetu. Nikamwambia najua. Akanitazama kama mtu anayenipa nafasi ya kutoka mlangoni na kusahau kilichonileta. Ndipo nikamwambia na jambo la pili, ambalo nitakwambia na wewe sasa hivi, usikimbilie chini. Alipolisikia alivua koti, akasema kura irudiwe.

Imerudiwa leo asubuhi. Ukumbi ulikuwa unachemka. Wazazi wa wale saba waliopata pamoja nasi mara ya kwanza walinizomea, na baba mmoja aliniita mchawi. Safari hii kadi zilitiwa ndani ya mfuko mmoja, kila mzazi akatumbukiza mkono bila kuona. Mimi sikuruhusiwa kumchukulia Chiriku, na sikuomba. Muuguzi mkuu alimchukulia, akapata sita. Halafu watu wakataka kujua watajuaje kwamba leo kiboksi ni kizima. Mzee Spika akainuka kule nyuma bila kuitwa, akachukua waya, akakiunganisha kiboksi na vipaza sauti vya ukumbi, akafungulia sauti yote. Shhhhh! Watoto wakaziba masikio. Mzee mwenyewe uso ulimkunjamana kama aliyetafuna limau, lakini alisimama pale na mkono kwenye kitufe mpaka mwisho. Ukumbi mzima ukasikiliza. Na mimi nilisikiliza, dada. Nilikuwa nasema moyoni sita, sita, sita, kama mtoto, huku nikijua kile kitu hakisikii mtu.

Sita haikusomwa. Karani alisoma namba zote nane polepole, nikamtazama mdomo mpaka ulipofumba. Haikusomwa, dada yangu. Chiriku hayumo.

Nimeliandika. Kunywa maji kwanza, halafu uendelee.

Sasa lile jambo. Kesho ofisi itakwambia kulitokea hitilafu ya mitambo, na ni kweli, lakini ukweli una sehemu nyingine na hiyo ni yangu. Utajiuliza kwa nini sikumsikiliza Mzee Spika, kwamba bahati ambayo hakuna aliyeijua ni bahati. Ningemsikiliza. Wallahi ningemsikiliza, nilikuwa nimeshaanza. Lakini haikuwa kweli kwamba hakuna aliyejua. Siku ya jaribio, ile Ijumaa, namba ya kwanza kutokea kwenye skrini ilikuwa kumi na saba. Nyingine sikuzishika, hiyo ikanibaki kichwani. Jumamosi nilipofika mezani na kuiona kadi hiyo bado ipo, moyo ulinidunda. Nilisema hii namba inatupenda. Mama wa kilemba cha kijani alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea palepale. Nikawahi. Nilicheka, nikamwomba radhi, nikaichukua. Yeye akachukua iliyokuwa pembeni.

Mimi, dada! Mimi niliyetengeneza kiboksi ili mtu yeyote asijue, nilichagua namba kama mcheza kamari wa stendi. Niliona ni ushirikina mdogo usiomdhuru mtu, na kiboksi kingekuwa kinavuma usingemdhuru mtu. Lakini kilikuwa kimenyamaza, kwa hiyo nilichokishika mkononi hakikuwa bahati, kilikuwa jibu. Nafasi ile nilimnyang'anya mwenzio kwa mkono huu ninaoandikia. Ndicho kile kilichonipita mgongoni Jumatatu nikakifukuza. Ulipodhani nimeiba nafasi kwa ajili yako nilikasirika, kumbe wewe ulikuwa umesema kweli na sisi wote wawili hatukujua.

Usidhani nimejaa ushujaa. Tangu asubuhi nimejuta, nikaacha kujuta, nikajuta tena. Nimelia chooni mpaka mfagiaji akagonga. Daktari wa watoto nimemfuata, amesema moyo wa Chiriku unaweza kusubiri madaktari warudi mwakani, dawa zisikosekane na asikimbizwe. Ndivyo alivyosema juu ya watoto wote waliokuwa kwenye kura, ndiyo maana wakapigiwa kura. Sikutilii sukari maneno haya. Tutasubiri, na nitaogopa pamoja nawe kila siku ya huo mwaka.

Yule mama wa kilemba cha kijani nilimtafuta baada ya kura. Na leo pia hakupata. Nilimweleza habari ya kadi, nikasubiri anitemee mate usoni. Akasema sawa, leo amekisikia kiboksi kwa masikio yake. Akaniuliza mtoto wetu anaitwa nani, nikamwambia. Akasema wa kwake naye ana mdomo hivyohivyo. Nikambebea mfuko wake mpaka getini.

Basi dada, mfikishie Shemeji salamu, na yeye umsomee hii, usimfiche. Wasalimie majirani waliopiga vigelegele nawe, waambie nimewaaibisha mimi, si wewe. Chiriku aliniuliza kwenye simu kile kiboksi kinasemaje. Mwambie mama mdogo anasema hakisemi kitu, kinavuma tu, na akija atakisikia.

Tulikubaliana mje Jumamosi na basi la asubuhi. Kitanda hakipo tena, lakini chumba changu kipo, na daktari yuko tayari kumtazama. Nitakuwa kituoni tangu basi la kwanza. Ukishuka na mtoto, nitajua umekuja na hasira zako, nitazipokea pamoja na mizigo. Usiposhuka, nitangoja la pili.

Ni mimi mdogo wako, niliyekulia mgongoni mwako,

Mama Mdogo wa Chiriku